Bibi, Tumetania Kwenye Mkeka Wako

Bibi, shikamoo.

Najua hutaitikia, lakini nikianza bila shikamoo utasema Mwanahawa ameota mapembe, na mimi hata na mtu aliye kaburini sitaki maneno. Miezi mitano sasa tangu tukuzike. Mahindi tumevuna, mto umeshuka, na lile gari la moshi ulilokuwa ukilitukana kila likipiga honi bado linapita na bado linawatia mbuzi wa jirani kiwewe. Naandika kwa herufi za chuoni, zile za Kiarabu, alizonifundisha mjomba kule Handeni, zile ulizosema ni nyayo za kuku. Hakuna wa kukusomea barua hii na sijali. Nina habari imenijaa mpaka kooni, na siku hizi tatu nimekuwa nikigeuka kukutafuta nikuambie, halafu nakumbuka.

Tatu ameponya mtu. Tatu yule yule. Na mimi nilikuwa nimeshashika mlango nimfukuze.

Ngoja nikueleze kwa utaratibu, maana nikienda mbio utaniambia nirudi mwanzo.

Uliponiachia nyumba hii ya kazi hapa Masuguru uliniachia na wanafunzi wawili, Salehe wa Mpale na Tatu wa kwetu Handeni, wote wabichi, hawajamaliza hata mwezi. Sikuwa tayari. Kutibu nilikuwa najua, ulinifundisha miaka tisa. Kumfundisha mtu mwingine kutibu, hilo hukunifundisha, ulikufa kwanza. Wagonjwa wanakuja kama kawaida: asiyelala, asiyekula, anayelia na ukimuuliza analilia nini hajui. Mizizi nawachemshia, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mizizi ni ya kumtuliza mtu akae chini, na kazi yenyewe inaanza akishakaa na kuongea. Basi nikafanya ulivyonifanyia. Mwanafunzi ndani, kwenye mkeka na mgonjwa. Mimi nje, nyuma ya ukuta, na ungo wa kunde mapajani, nachambua na kusikiliza. Mgonjwa akiondoka, mimi na mwanafunzi tunakwenda mtoni, anajaza mtungi, anajitwika, na njia nzima ananirudishia maneno ya mgonjwa kama yalivyotoka. Akiongeza neno lake, nachukua kata namwaga maji. Akipunguza, namwaga. Unakumbuka nilivyokuwa narudi nyumbani na mtungi mkavu, mama ananiuliza kama mto umehama?

Salehe hamwagi. Kijana ana kumbukumbu ya ajabu, anakurudishia hata kikohozi. Lakini Bibi, siku moja aliletewa mzee kutoka milimani kwao, na kumbe mzee yule ni wa ukoo alikooa kaka yake. Salehe kwa adabu ya mkwe, asiyetazamwa usoni, akageuka akampa mgongo. Mgonjwa anaeleza shida zake, Salehe anaangalia ukuta, mimi nje nawaza mbona sauti ya huyu kijana inakuja kwangu na siyo kwa mgonjwa. Nilipochungulia nilikaa chini nikacheka kimya kimya mpaka kunde zikamwagika. Mzee mwenyewe hakuona ubaya, aliona kijana amelelewa vizuri.

Tatu ndiye aliyekuwa akininyima raha. Mdomo, Bibi. Yule binti mdomo wake haujui kulala. Mgonjwa hajamaliza sentensi, yeye ameshajibu. Mgonjwa akinyamaza, yeye anajaza. Mwezi wa kwanza sikumbuki siku aliyofika nyumbani na maji ya kutosha kupikia. Na anapenda utani, kila mtu kwake ni wa kutaniwa. Nikamweka chini nikamwambia neno lako kama ulivyoniambia mimi: sokoni tania, shambani tania, lakini kwenye mkeka huu hakuna utani. Nikamweleza na sababu, yule mama aliyefiwa na watoto wawili, aliyetaniwa na mwanafunzi wako wa zamani akainuka akaondoka na hakurudi tena. Ulikuwa ukilisimulia lile jambo hutazami mtu usoni. Tatu akasikiliza, akasema, "Nimeelewa, mama." Nikamwambia akivunja sharti hilo mara moja tu, anafunga virago anarudi kwao.

Ndipo akaletwa Masanja.

Ni Mnyamwezi, wa kazi ya reli. Waliomleta ni wenzake wanne, mmoja wao mtu mzima ndiye aliyesema kwa niaba yao. Wakaniambia ana wiki tatu hajatoa sauti. Anakula akilishwa, anatembea akivutwa mkono. Mkononi ameshika kofia kuukuu ya nguo, haiachi hata akilala. Mdogo wake, Shija, alifukiwa na tuta la reli lililoporomoka. Mnyapara wao haamini habari ya ugonjwa. Kwake ugonjwa ni homa na kidonda, mtu mwenye miguu miwili asiyefanya kazi ni mtoro. Amesema mwezi mpya ukiandama Masanja hajashika sururu, atampeleka bomani akale kiboko. Zilikuwa zimebaki siku nane.

Nilimchukua mwenyewe, Bibi, sikuthubutu kumpa mwanafunzi. Siku ya kwanza nilikaa naye kama ulivyonifundisha, kimya kwa kimya, simvuti. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nikamwambia majina ya vitu vilivyomo ndani, polepole, kama tulivyomfanyia yule mke wa muuza chumvi. Siku ya nne nilimchemshia dawa ya usingizi akalala vizuri, akaamka vilevile. Siku ya tano nikaanza kuogopa. Nilikuwa nikimtazama mgongo wake na kuwaza kiboko kitakavyoshuka pale, na kwamba mtu hatalia hata akipigwa, na wao watasema anajitia ukaidi, watazidisha. Nilikuita, unajua? Nilikwenda pale kaburini kwako kwenye migomba nikasema Bibi niambie nimekosea wapi. Nikarudi ndani kama nilivyokwenda.

Siku ya sita kichwa kiliniuma sana. Salehe alikuwa amekwenda Mpale kumwona mama yake. Nikamwambia Tatu, kaa naye leo. Usimsemeshe, usimuulize, kaa naye tu, mimi nipo nje. Nikashika ungo wangu.

Kwa muda kulikuwa kimya. Nikajisemea, haya, labda binti amekua.

Halafu nikasikia Tatu anasema, kwa sauti ile ile ya sokoni: "Ninyi Wanyamwezi bwana. Mtu akinyimwa mzigo siku mbili tu anaugua."

Nikaweka ungo.

Akaendelea. "Na huyo mdogo wako alikuwa mvivu. Ameona kazi nyingi akajilaza zake chini, akakuachia zamu yake. Sasa lete hiyo kofia. Mimi ni mtani wake, kofia ni haki yangu." Na nikasikia purukushani ndogo, mkeka ukakwaruza. Amemnyang'anya, Bibi. Kofia ya marehemu, ile ambayo wenzake wanne wenye misuli hawakuthubutu kuigusa.

Niliinuka na kichwa changu kibovu. Nilikuwa nimeshapanga maneno: toka, chukua kanga zako, gari la moshi lipo, miguu ipo, Handeni unaijua. Nikashika mlango. Kwenye upenyo nikamwona Tatu ameivaa ile kofia imemfunika mpaka masikioni, anatembea ndani ya chumba huku na huku kama mtu aliyebeba mzigo mzito kichwani, ametoa makalio, anayumba, anahema. Kwa kweli alikuwa akichekesha, lakini mimi sikuwa na kicheko siku ile.

Na ndipo nikasikia sauti nisiyoijua. Ya mtu mwenye koo kavu.

"Siyo hivyo."

Tatu akasimama.

"Shija hatembei hivyo," Masanja akasema. "Mguu wa kushoto anauburuta. Alianguka utotoni."

Bibi, sikuusukuma mlango. Nilisubiri Tatu aharibu. Nilijua atashangaa, atapiga kelele, ataniita mama njoo usikie. Hakufanya. Akavua kofia akampa, akasema tu, "Nionyeshe basi, maana mimi najua kubeba, kuchechemea sijui."

Akainuka. Mtu ambaye tulikuwa tukimvuta mkono akainuka mwenyewe, akavaa kofia ya mdogo wake, akatembea kama mdogo wake. Akaburuta mguu. Akaenda mpaka ukutani akarudi. Tatu akamwambia, "Ah, sasa nimeelewa kwa nini alichelewa kukimbia," na mimi nje nikafumba macho, nikasema huyu binti ametuua. Masanja akacheka. Kicheko kilitoka kidogo, kikakatika, kikatoka tena, halafu akakaa chini akalia. Alilia mpaka jua likahama kutoka kizingitini kufika katikati ya chumba, na Tatu, huyu Tatu wa mdomo, alikaa pembeni yake hakusema neno hata moja. Hata moja, Bibi. Nilikuwa nahesabu.

Alipotulia akasema yote. Kwamba tuta liliporomoka asubuhi na mchana wakawa wameshazika pale pale kando ya reli, na mnyapara hakuwapa hata nafasi ya kukaa matanga, zamu iliendelea. Kwamba mama yao kule Unyamwezi alimshika mkono akamwambia uende naye urudi naye. Kwamba alipotupa udongo kaburini alitazama huku na huku akingoja mtani aje afanye fujo, na hakuja mtu.

Tulikwenda mtoni mimi na Tatu. Yeye alijua anafukuzwa, maana hata mtungi aliubeba kwa adabu. Nikamwambia rudisha. Akarudisha. Maneno ya Masanja yote, na ya kwake yote, hata yale ya uvivu, hata la kuchelewa kukimbia, bila kujificha nyuma ya neno lolote. Tulifika mlangoni mtungi umejaa pomoni na mimi sikumwaga tone.

Nikamuuliza, "Ulijua nilikukataza?"

"Nilijua, mama."

"Basi kwa nini?"

Akasema siku ile walipomleta, mimi nikiwa nimeshaingia ndani na mgonjwa, yeye alibaki mlangoni na yule mtu mzima, akamuuliza nani aliwatania msibani. Mzee akamjibu hakuna, kwenye reli kila mtu yuko na kazi yake. "Nikaona huyu mtu bado yuko msibani, mama. Msiba wake haujafungwa. Na mimi ni Mzigua, yeye Mnyamwezi, sasa mtani mwingine atatoka wapi?" Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nilitaka kukuambia tangu siku ya kwanza. Ila uliniambia nikizidisha neno unamwaga maji."

Hapo nilikaa kwenye jiwe la mlangoni. Siku tano nilikaa na mgonjwa, na jibu lilikuwa limekaa nyuma yangu na mtungi kichwani, limefunga mdomo kwa sababu mimi ndiye niliyelifunga. Sisi Wazigua na Wanyamwezi tunataniana tangu misafara ya babu zetu, mtoto mdogo analijua hilo. Mtani ndiye anayelala kaburini akataka alipwe ndipo atoke, ndiye anayemwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke. Mimi nililijua na sikuliona, kwa kuwa nilikuwa nimeshika sharti lako kwa mikono miwili. Bibi, nasema kwa heshima zote, ulikosea. Kwa yule mama wa watoto wawili ulikuwa sahihi, yule mwanafunzi wako hakuwa mtani wake, alimdhihaki tu. Lakini ukachukua kosa la mtu mmoja ukalifanya sharti la wote, na mimi nikalirithi bila kuuliza. Haya, nimesema.

Siku ya nane wenzake wakaja kumchukua. Masanja akatoka mwenyewe, akawaamkia mmoja mmoja kwa jina. Yule mtu mzima akageuka akaangalia upande wa mtoni muda mrefu. Mwezi ulikuwa haujaandama, sururu itamkuta kabla ya kiboko.

Nilidhani yameishia hapo. Masanja akaniuliza nani alianzisha nyumba hii, amshukuru. Nikamwambia ni Bibi yangu, ametangulia mbele ya haki, kaburi lake liko nyuma, kwenye migomba. Akaniuliza, "Mzigua?" Nikasema Mzigua. "Nani alimtania?" Nikamwambia hakuna, mwenyewe aliusia pasiwe na watani, wala kelele, wala mtu kulia kwa sauti. Na ndivyo tulivyofanya. Watu wote walinisifu jinsi nilivyojikaza. Sikulia siku ile wala miezi iliyofuata, nilikuwa na wagonjwa.

Masanja akaguna. Akazunguka nyumba. Tukamfuata sote, wenzake wanne, Salehe aliyekuwa amerudi, na Tatu.

Bibi, naomba radhi. Mtu yule alijilaza juu ya kaburi lako akajinyoosha vizuri, akaweka kofia ya mdogo wake usoni kama anayepumzika. Akasema, "Wewe kizee cha Kizigua, umesikia Wanyamwezi wanakuja ukajifia upesi usitupikie. Choyo gani hiki? Mimi sitoki hapa. Sitoki mpaka niletewe jogoo, na awe mnene, siyo wa kwenu hawa wa kutembea na mifupa." Kisha, akiwa amelala pale pale, akaanza kukuigiza bila kukujua, anakemea watu, anamtuma huyu, anamtuma yule. Na nikajisikia nasema, kwa sauti, mbele ya watu wote:

"Siyo hivyo. Akikemea, anashika kiuno."

Akasema, "Onyesha."

Nikashika kiuno, Bibi. Nikasimama kando ya kaburi lako nikamkemea Salehe kwa sauti yako, nikamwambia mtungi wake una tundu na kichwa chake kina tundu. Wakacheka, na mimi nikacheka, halafu sijui kilichotokea. Nililia. Nililia kwa sauti ile uliyoikataza. Miezi mitano yote ilitoka pale kwenye migomba, na Tatu akaja akakaa karibu nami. Jogoo tulimtoa, yule mwekundu mwenye kiburi. Masanja akainuka, akajikung'uta udongo, akaenda zake na wenzake wakiimba.

Sasa niko hapa nimekaa na karatasi na macho yamevimba, na moyo umekuwa mwepesi sijui niseme nini. Nimelala usingizi mzito, nimeamka na njaa. Nimemkemea Salehe asubuhi na nikasikia raha kumkemea. Kumbe nilikuwa mgonjwa, Bibi, na nilikuwa nakaa nje ya ukuta nikisikiliza wengine.

Kaa salama huko uliko. Mungu akuondolee uzito. Uliusia usililiwe, nimekulilia, na nitakulilia tena nikikukumbuka, usinune.

Na hii ndiyo ahadi yangu. Kesho asubuhi analetwa mama mmoja kutoka Handeni asiyeshika mtoto wake mchanga. Tatu atampokea. Ungo wangu nimeutundika. Nitachukua jembe nitakwenda shamba la ng'ambo ya mto, kule ambako hata mtu akipiga kelele huku Masuguru husikii. Nitalima mpaka jua la mchana, na sitarudi kuchungulia.

Mwanahawa wako.